Kwa Nini Mama Kidari Huondoka Kwanza

Haya, wekeni sinia chini kidogo, mchele huu hautakimbia. Mgongo wangu umeshasema basi. Nikiwa nimechoka huwa sisimulii vizuri, lakini Salha ameniuliza mno juu ya ndege wa kwenye picha ile ukutani, na nisipomjibu leo ataniuliza tena kesho nikiwa nimechoka zaidi. Picha aliileta marehemu mume wangu, ambaye ujana wake wote aliumaliza akipaka grisi mashine za meli za mizigo. Meli moja ilimfikisha kaskazini kabisa, mahali ambapo bahari huganda mtu akatembea juu yake, wakakaa bandarini muda mrefu wakisubiri barafu iwaachie. Hadithi aliipata kwa watu wa huko. Mimi niliipata kwake, na pale nilipoona haikukolea nimeongeza chumvi.

Ndege huyu kwetu hana jina, kwa sababu hajawahi kufika. Ni mdogo, unaweza kumfunika kwa viganja viwili. Shingo fupi, mdomo mfupi, mgongo mweusi, tumbo na kidari vyeupe pe. Basi tumwite kidari, tumalize. Asiniulize mtu kwa nini ni mweusi huku na mweupe kule. Alizaliwa hivyo, kama Athmani alivyozaliwa na masikio yale. Ninalotaka kuwaambia ni jambo jingine, ambalo watu wa huko huliona kila mwaka na wageni wakiliona huguna. Mama kidari humwacha mtoto wake kabla mtoto hajajua kuruka. Huondoka tu akaenda zake baharini, na baba ndiye anayebaki kulisha, na ndiye anayemtoa mtoto siku ya kutoka. Wageni husema, mama gani huyu? Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo, na mume wangu akaniambia nyamaza kwanza, usikie.

Zamani hizo, wakati ambao hakuna aliyebaki wa kuukumbuka, mambo yalikuwa kinyume. Vidari waliishi kama wanavyoishi leo, kwenye mlima wa mawe yaliyoporomoka, unaotazama bahari. Ni mawe juu ya mawe, na katikati yake kuna vishimo vyembamba ambamo mbweha hawezi kuingiza zaidi ya pua. Humo kila mama alitaga yai moja, moja tu, na likipotea hilo mwaka wake umekwisha. Tena kiangazi cha huko ni cha ajabu. Jua halitui. Linazunguka pembeni mwa anga siku nenda siku rudi, wala hakuna giza linaloingia likamwambia mtu kwamba sasa inatosha, kalale. Nawaona mnatabasamu, mnadhani ni raha. Nyinyi hamjalea bado.

Desturi yao ilikuwa hii. Baba alikaa juu ya jiwe lililo mlangoni mwa kishimo chao, na kazi hiyo waliiita kushika jiwe. Sitaki kuwaonea, ilikuwa kazi kweli, kwa sababu vishimo vizuri ni vichache na kidari mwingine akikuta mlango mtupu huingia na kutoa yai la mwenzake nje. Kwa hiyo wanaume walikaa, kila mmoja juu ya jiwe lake, vifua mbele, wakitaniana kutoka jiwe hadi jiwe. Mlima mzima ulivuma kwa vicheko vyao. Wakisikia njaa walishuka kwa zamu hadi ufukweni hapo chini, wakadokoa, wakarudi. Ungewauliza wangekwambia wanafanya kazi mfululizo, maana jua halikutua na wao hawakuondoka.

Mama naye alikwenda baharini. Chakula cha mtoto wa kidari ni uduvi, ule mwekundu wa maji baridi, mdogo kuliko huu tunaoutwanga sisi na mhogo, na haupatikani pwani. Huufuata mbali, akapiga mbizi, akaudaka mmoja mmoja, akauweka kwenye mfuko alio nao chini ya ulimi, kooni. Mfuko ukijaa, koo huvimba hadi kifuani. Ndipo hurudi. Na mwenye koo lililojaa hafungui mdomo, hiyo ilikuwa sheria ya mlima, na wala haikuwa sheria ya mtu bali ya uduvi wenyewe, kwa sababu ukifungua mdomo unamwagika na mtoto analala na njaa. Mama alitua bila kusema, akaingia kishimoni, akamlisha mtoto, akatoka. Kabla hajavuta pumzi mtoto alishaanza kulia tena, na yeye alishageuza mabawa kuelekea baharini.

Sasa fikirini. Akifika, hawezi kusema. Akiondoka, hana muda wa kusema. Kiangazi chote. Wanaume waliona wake zao hawalalamiki, wakasema kwa moyo safi kabisa kwamba wake zao hawana shida.

Na mtoto alipoota manyoya, ni mama huyohuyo aliyemtoa. Hiyo ndiyo safari ya hatari kuliko zote. Mtoto hajawahi kuruka hata kutoka jiwe moja hadi la pili, na siku hiyo hutakiwa aruke kutoka mlimani hadi maji ya mbali, huku shakwe wakubwa, wale wa mabawa ya kijivu, wakizunguka juu wakisubiri. Mama aliruka naye akimkinga. Wengi hawakufika. Si kwamba waliliwa wote na shakwe; wengine walikuwa wamechoka tu, mabawa yakagoma katikati ya njia, wakadondoka, na mtoto akadondoka pamoja nao. Mlimani hakuna aliyeliona hilo. Walichoona ni mgongo wa mama unaondoka, na mwaka uliofuata jiwe halina mke. Walisema bahari imemchukua, wakasikitika, wakaoa tena.

Katika mlima huo alikuwako mama mmoja, tumwite Mwanaheri, maana lazima awe na jina. Mumewe tumwite Kombo. Kombo hakuwa mtu mbaya, na nawaomba mlishike hilo, hasa nyinyi wanawake mnaonitazama hivyo. Alikuwa mcheshi, sauti nzuri kuliko wote kwenye upande ule wa mlima, na mkewe alimpenda kwa dhati. Kila Mwanaheri alipotua alimwambia, "Karibu mke wangu, pole na safari." Hakuacha hata safari moja. Mwanaheri aliinamisha kichwa akapita, na Kombo aliona ameitikiwa.

Mwaka huo maji ya baridi yalihama. Hakuna aliyejua yamehama kwa nini. Barafu ilirudi nyuma, na uduvi ukaifuata barafu. Njia iliyokuwa ndefu ikawa ndefu mara mbili. Kina mama waliondoka wakiwa na mwili, na kila waliporudi walikuwa wamebaki kidogo. Mwanaheri alianza kupumzika juu ya maji wakati wa kurudi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja alikaa juu ya wimbi akiwa na koo lililojaa, akajaribu kuinuka, asiweze. Alijaribu tena na tena hadi upepo ulipomsaidia. Hapo alielewa kitu, kikamtia hofu kuliko shakwe. Alielewa kwamba siku ya kumtoa mtoto ikifika, hatafika naye. Wataanguka wote wawili, na Kombo atasema bahari imewachukua.

Alitaka kumwambia. Lakini atamwambiaje? Alijaribu kusema baada ya kulisha, mtoto akalia. Alijaribu kumtazama mumewe kwa macho, Kombo akamtolea wimbo. Alifikiri juu ya jambo hilo safari nzima ya kwenda, akafikiri tena akiwa chini ya maji, na mwisho aliamua kufanya jambo ambalo hakuna mama aliyewahi kulifanya pale mlimani. Alirudi koo tupu.

Wanaume waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Mama mzima anatua juu ya jiwe lake na shingo imelala, hana punje ya uduvi, na mtoto ndani amesikia mabawa anaanza kulia! Kombo alisimama.

"Mwanaheri, kuna nini? Umefukuzwa na shakwe?"

"Sikukutana na shakwe. Nimekuja kusema nawe."

"Na chakula cha mtoto?"

"Ningekileta nisingeweza kusema," akajibu Mwanaheri. "Kombo, mwenzangu, nimechoka."

Kombo alimtazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. Akamwuliza, "Umechoka leo?"

"Nimechoka tangu tulipooana. Lakini mwaka huu si uchovu ule. Maji yamekwenda mbali, na mabawa yanatetemeka hata nikiwa nimetua. Mtoto huyu siwezi kumtoa. Nitaanguka naye."

Kwenye jiwe la juu yao alikaa mzee mmoja, Mzee Bungala, ambaye alikuwa ameshika jiwe lake tangu wengine hawajazaliwa na kwa hiyo alijiona msemaji wa mlima. Akacheka kwa sauti. "Kombo! Mkeo amekuletea maneno. Basi mlishe mtoto maneno hayo, tuone kama atashiba." Wanaume wote waliokuwa karibu wakacheka pamoja naye, na mtoto mle ndani akazidi kulia.

Kombo aliona aibu. Tunaijua aibu hiyo, ya kutazamwa na wenzako ukiwa na shida ya nyumbani kwako. Ni aibu inayomfanya mtu mzuri afanye jambo baya. Alisogea karibu na mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa, "Nenda kwanza, mama. Mtoto analia. Ukirudi tutakaa kitako tuzungumze."

"Nikirudi nitakuwa nimejaa, Kombo," akasema Mwanaheri. Akaruka.

Kombo hakuelewa. Alibaki akijiandaa, maskini. Alisogea ubavuni mwa jiwe ili mkewe apate pa kukaa, akafikiria atakayomwambia, na alipomwona anakuja kwa mbali, akiruka chini sana karibu na maji, alifurahi. Mwanaheri alitua. "Haya, mke wangu," akasema Kombo, "kaa sasa, sema yote, nakusikiliza." Mwanaheri alisimama mbele yake, koo limevimba hadi kifuani, mdomo umefungwa. Alimtazama tu. Kisha akainama akaingia kishimoni kumlisha mtoto, na Kombo akabaki na nafasi aliyoiacha ubavuni mwake.

Mwanaheri alipotoka hakuruka. Alifika kwenye jiwe, akataka kugeuka, miguu ikakunjika, akalala palepale katika jua, kichwa hakikufunikwa hata na bawa. Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala usingizi wa mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kulala. Juu kabisa shakwe mmoja aliona kitu cheupe kimelala wazi, akaanza kushuka kwa mizunguko. Kombo alimsukuma mkewe kwa kifua hadi kwenye kivuli cha mlango. Aliposukuma ndipo alipougusa mfupa wa kifua chake, umesimama mkali, pembeni hamna nyama. Kiangazi chote alikuwa akimwambia mkewe pole, na hakuwahi kumgusa.

Mtoto akalia. Kombo aliinua mdomo amwamshe mkewe, kama ambavyo baba yeyote wa mlima ule angefanya, halafu akaushusha. Alitazama bahari.

"Unakwenda wapi?" Mzee Bungala akapaza sauti kutoka juu. "Kombo, ukiacha jiwe, jiwe si lako! Kuna vijana hapa hawana vishimo."

Kombo akaruka, akaenda. Na alipokuwa anaondoka aliogopa sana, kwa sababu alijua mzee hakusema uongo. Mtu akirudi akakuta jiwe limechukuliwa, mtoto wake atakuwa ametupwa nje.

Alidhani anajua bahari. Alikuwa anajua ukingo wake tu. Aliruka hadi mlima ukawa mstari, akaruka hadi mstari ukapotea, na bado maji yalikuwa ya vuguvugu na hayana kitu. Alipofika kwenye barafu mabawa yalikuwa tayari yanamwambia arudi. Akapiga mbizi. Uduvi haukai kwenye chungu ukachotwa kwa kata. Unaudaka mmoja, unapanda kuvuta pumzi, unashuka tena. Alidaka hadi macho yakamwuma kwa baridi, na koo lilikuwa halijafika hata nusu. Alifikiria kurudi na nusu. Kisha akakumbuka kwamba Mwanaheri hakuwahi kurudi na nusu, akashuka tena.

Safari ya kurudi sitaisimulia yote, inanichosha. Upepo ulikuwa usoni, koo zito, mabawa mafupi. Ndege huyu hana mabawa ya kuelea juu ya hewa kama shakwe. Akiacha kupiga anaanguka. Kwa hiyo hupiga, hupiga, hupiga, na hakuna mahali pa kusema ngoja kidogo.

Alipotua, Mzee Bungala alikuwa anamsubiri. "Karibu, mama Kombo!" akasema, na mlima ukaangua kicheko. Kombo hakuwahi kukosa jibu maishani mwake. Na majibu alikuwa nayo, mazuri, ya kumnyamazisha mzee yule hadi kiangazi kingine. Lakini koo lilikuwa limejaa. Alisimama pale na maneno yake yote na mdomo umefungwa, akacheka kila aliyetaka kucheka. Ndipo alipojua. Alizikumbuka pole zake zote, moja moja, na kichwa cha mkewe kinachoinama kila mara, akajua kwamba hakuwahi kuitikiwa hata siku moja. Iliuma kuliko mabawa.

Jiwe lilikuwa bado lao, kwa sababu Mwanaheri mwenyewe alikuwa amelala pale mlangoni. Kombo alimlisha mtoto. Mtoto akameza uduvi wote akafungua mdomo tena. Kombo akaenda tena.

Mwanaheri alipoamka aliamshwa na kimya. Waliolea wanajua, kelele haimwamshi mama kama kimya. Aliingia kishimoni akijua kabisa atakachokikuta, akamkuta mtoto amelala na tumbo limejaa. Akatoka nje. Jiwe halina mume. Akakaa akisubiri, na baada ya muda akamwona Kombo anakuja chini chini juu ya maji, mkia umelowa, koo limevimba. Alitua mbele yake. Walitazamana.

"Pole na safari," akasema Mwanaheri.

Kombo aliinamisha kichwa akapita kwenda kulisha.

Alipotoka hakungoja mtoto aanze. Alisema haraka, maneno yakikanyagana. "Nenda baharini, Mwanaheri. Usibebe kitu. Kaa juu ya maji, ule mwenyewe, ulale. Mtoto nitamtoa mimi."

"Hujawahi kumtoa mtoto."

"Nieleze."

Akamweleza. Aruke nyuma ya mtoto na juu yake, kati yake na shakwe. Asimwache atue karibu na pwani hata akilia vipi. Na amsemeshe njia nzima, koo tupu, mtoto aisikie sauti, kwa sababu mtoto hajui bahari iko wapi, anajua sauti tu. Kombo alirudia yote ili asisahau. Kisha Mwanaheri akasema, "Nikienda watasema nimemtupa."

"Watasema."

"Na yeye ataamini."

Mwanaheri aliingia kishimoni, akakaa na mtoto wake muda mfupi, akimnyoosha manyoya yale mapya ambayo hayajakaa vizuri. Aliumia kumwacha, asikudanganye mtu. Angeweza kuumia zaidi kwa kubaki, lakini hilo halipunguzi kitu. Alipotoka alipita mbele ya mawe yote, na hapo hakuna aliyecheka. Walinong'ona tu, na wengine walikuwa kina mama wenzake. Kombo alimfuata kwa macho. Aliona anaruka chini sana, ncha za mabawa zinagusa maji, mara anapotea nyuma ya wimbi, mara anaonekana. Kisha hakuonekana tena. Kombo hakujua kama amefika mahali pa kupumzika au amedondoka. Alikuwa na mtoto wa kulisha, akageuka akaenda.

Alilisha peke yake hadi manyoya ya mtoto yakakomaa. Aliacha kuimba. Siku ya kutoka ilipofika alimsogeza mtoto hadi ukingoni mwa jiwe, mtoto akatazama chini akataka kurudi ndani. "Twende, nipo nyuma yako," akamwambia. Wakaruka. Shakwe wa kwanza alishuka kabla hawajavuka pwani, na Kombo akajiweka katikati kama alivyofundishwa. Mdomo wa shakwe ulimpata mgongoni ukang'oa manyoya. Mtoto alianza kushuka. "Usitue hapo, baba, bado kidogo, nisikie mimi, nipo," Kombo akasema, akasema, akasema, hata pale alipokuwa hana pumzi ya kusemea. Alisema mambo ya maana na ya upuuzi. Mtoto akaifuata sauti. Shakwe walibaki nyuma, wakawa wadogo, na hatimaye wote wawili wakaanguka juu ya maji ya mbali, wakaelea.

Mtoto aliyaonja maji kwa mara ya kwanza. Baadaye akauliza, "Mama yuko wapi?"

Kombo alitazama bahari. Ilikuwa pana na tupu, na yeye mwenyewe alikuwa hajui. "Amelala," akasema. "Tusimwamshe."

Salha, usianze kulia, hatujamaliza. Mnataka kujua kama alikuwa hai. Alikuwa hai. Kipupwe chote Kombo alimtafuta katika makundi ya vidari, na vidari wote wanafanana, hakumwona. Lakini barafu ilipoachia na wote wakarudi mlimani, alitua juu ya jiwe lao akakuta limeshikwa. Mwanaheri alikuwa amekaa juu yake, mnene, kifua kimejaa, anagombana na kijana mmoja aliyetaka kishimo. Alikuwa mama wa kwanza, kwa kumbukumbu ya mlima ule, kurudi akiwa na nguvu za kugombana.

Wake wengine walimtazama, kisha wakawatazama waume zao. Sitawaambia walibadilika siku moja. Wanaume wa mlimani walikuwa wanaume. Walikuwapo waliocheka mwaka mzima. Lakini kina mama nao walianza kurudi koo tupu, mmoja leo, mwingine kesho, kila mmoja akasema neno lake moja hadharani, na ikawa vigumu kucheka. Mzee Bungala alikufa akiwa bado ameshika jiwe lake, kwa hiyo juu yake sina la kuongeza.

Na tangu siku hiyo, baba na mama kidari hulisha pamoja, hupishana njiani na makoo yamejaa, wala hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Mtoto akikaribia kutoka, mama huondoka kwanza, mikono mitupu kama tungesema sisi, akaenda zake baharini peke yake. Baba hubaki, humlisha, humtoa, humsemesha njia nzima. Wageni wanaopita na meli zao humwona mama akiondoka, huguna, husema amemtupa mtoto. Lakini huko mbali juu ya maji, mtoto anapouliza mama yuko wapi, huambiwa amelala, asimwamshe.